Kaburi Katikati ya Ngano

Udabeshta aliota ng'ombe wa marehemu mume wake wamesimama ndani ya ngano. Ngano ilikuwa imewafika kifuani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anakula. Wote walikuwa wamegeuza vichwa upande mmoja, wametulia.

Alipoamka hakumwambia mtu. Alikaa mlangoni amejifunika shuka, akaangalia ukungu ukishuka kutoka Mlima Hanang na kulala juu ya mashamba, mpaka ikawa huwezi kusema nchi inaishia wapi na mawingu yanaanzia wapi. Mke wa mwanawe, Bernadina, alipomletea maziwa ya moto ndipo akaisimulia ile ndoto.

"Walikuwa na kiu, mama?" Bernadina aliuliza.

"Hapana. Walikuwa wanasubiri."

Bernadina hakuuliza walikuwa wanasubiri nini. Yeye alikuwa Mwiraqw wa Endagikot, karibu na mji wa Mbulu, binti wa wakulima wa mahindi na maharage. Basili, mtoto wa Udabeshta, alibatizwa ndipo akamwoa kanisani. Tangu hapo Bernadina alikuwa amekaa uwandani kwa Wadatoga muda wa kutosha hata yeye mwenyewe akawa anaota kwa Kidatoga. Alijua kwamba kwa mama mkwe wake ndoto ni kama mgeni. Mgeni hahojiwi kabla hajanywa.

Uwanda ule zamani ulikuwa malisho matupu. Kisha serikali ikaleta mashamba ya ngano, na matrekta yakalima mwaka baada ya mwaka mpaka ngano ikafika mahali macho yanapochokea. Kijiji chao, Gidarjod, kilibaki kimebanwa pembeni kama mtu aliyesogezwa na wenzake mwishoni mwa benchi. Njia ya ng'ombe ya kwenda ziwani ilikatwa. Basili na ndugu zake wakahamishia mifugo mbali, upande wa Singida, na nyumbani wakawa wanafika kwa nadra, wamekonda, wamejaa vumbi la nchi nyingine.

Lakini ndani ya ngano hiyo lilibaki kaburi la mzee wao, Gidahosh. Halikuwa kaburi la msalaba na maua. Mzee aliyeheshimiwa Wadatoga humjengea kilima cha udongo, kirefu kuliko mtu, na ukoo mzima hukipandisha tabaka kwa tabaka, mwezi baada ya mwezi, hadi siku ya mwisho mtoto wake wa kiume anapopanda mpaka kileleni. Basili alipanda kilima kile akiwa kijana ambaye hajaota ndevu. Miaka yote madereva wa matrekta walikuwa wakikizunguka, na katikati ya shamba pakabaki kisiwa cha majani. Udabeshta alikwenda pale kila alipojisikia, akipenya kwenye ngano na majani mabichi mkononi na pombe kidogo ya asali ndani ya kibuyu. Alikaa, akamweleza mumewe habari za watoto, za mvua, za nani ameoa na nani amezaa. Wakati mwingine alisinzia hapo hapo, na upepo ukipita juu ya mashuke alisikia sauti kama ya watu wengi wanaozungumza chumba cha pili.

Mchana wa siku ile ya ndoto, Mzee Sulle alikuja. Yeye alikuwa balozi wao wa nyumba kumi, Mwiraqw mpole mwenye koti la jeshi alilolipata hakuna ajuaye wapi. Hakukaa.

"Shikamoo, mzee," Bernadina alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

"Yupo."

"Basi umwambie taratibu. Shambani kuna meneja mpya. Amesema mashine zinapoteza muda na mafuta kukizunguka kile kilima. Ngano ikishavunwa mwaka huu, kitasawazishwa."

Bernadina alimgeukia mama mkwe wake, akayatafsiri maneno yale, na alipofika kwenye neno la kusawazisha hakulipata kwa Kidatoga. Akatumia kiganja. Alikipitisha hewani mbele ya macho ya mwanamke mzee, polepole, kama anayefuta vumbi juu ya meza.

Udabeshta alikiangalia kile kiganja muda mrefu.

"Kumbe ndicho walichokuwa wanasubiri," akasema.

Bernadina alimwuliza Mzee Sulle wamwendee nani. Mzee akajikuna shingo. "Mimi ni wa nyumba kumi. Neno langu likifika pale kisimani limechoka. Hili ni la Diwani. Na juu ya Diwani yuko Mbunge."

"Mbunge tumemwona lini sisi?"

"Si ulipiga kura? Uliweka alama kwenye jembe au kwenye nyumba?"

"Jembe."

"Basi yule wa jembe ndiye aliyepita. Ni wako huyo."

Udabeshta alipoelezwa alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Na yeye alikuwa amepanga foleni siku ile tangu alfajiri, na karani alikuwa amekishika kidole chake na kukiongoza hadi kwenye picha ya jembe. "Nilimpa jembe," alisema, "na sasa jembe lenyewe linataka kumchimbua mume wangu."

Kesho yake wanawake hao wawili walikwenda Masakta, alikokaa Diwani. Jina lake Gidabuday, Mdatoga mwenzao, mtu mzuri wa maneno, na wanawe walikuwa madereva wa matrekta kwenye shamba lile lile la ngano. Mke wake aliwapokea vizuri, akawapa viti, akasema mzee ameondoka asubuhi kwenda Katesh kwa baiskeli. Wakati anasema hivyo, baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta nyuma yake, tairi zake zikiwa bado na tope bichi. Hakuna aliyeitaja. Walikunywa chai, wakaaga. Walirudi tena wiki iliyofuata, wakaambiwa yuko msibani. Mara hii waliona moshi wa sigara ukitoka taratibu kwenye dirisha la chumba cha ndani na kupotelea juani.

"Twende Katesh wenyewe," Bernadina alisema.

Walipanda lori la magunia. Katesh ulikuwa mji wa baridi chini ya mlima, na ofisi za wilaya zilikuwa bado zinanuka rangi. Katika ofisi ya Chama walimkuta karani, mwanamke wa makamo aitwaye Zita, aliyekuwa anapiga chapa huku amejifunga shuka miguuni kwa ajili ya upepo. Walimwuliza Mbunge anakaa chumba gani.

Zita aliacha kupiga chapa. Hakuwacheka. "Dada yangu, Mbunge hatafutwi ofisini. Leo yuko Dar es Salaam, kesho Arusha mkoani, keshokutwa hata mimi sijui. Mbunge anasubiriwa mahali atakapokuja. Na nyinyi mna bahati, maana mwezi wa nane atakuja kufungua mavuno kwenye shamba lenu."

"Si shamba letu," Bernadina alisema.

"Haya, shamba lile. Lakini siku ile kila neno lina mtu wake. Atakayewapa nafasi ya kusema ni Diwani, kwa sababu yeye ndiye mwenyeji anayemkaribisha. Mkipiga kelele pembeni mtaondolewa na mgambo. Mpateni Diwani wenu kwanza." Kisha akainamia meza, akapunguza sauti. "Na ukipewa nafasi, usianze na Adamu na Hawa. Sema nini kimetokea, kimetokea wapi, na unataka yeye afanye nini. Hasa hilo la mwisho. Watu wanalia mbele yake mpaka anatokwa na machozi, halafu anapanda gari hajui ameombwa nini."

Njiani kurudi, juu ya magunia, Bernadina aliyatafsiri maneno hayo moja baada ya jingine. Jua lilikuwa linazama nyuma ya uwanda na ngano yote ilikuwa imegeuka rangi ya asali. Udabeshta alisikiliza amefumba macho, Bernadina akadhani amelala.

"Diwani kajificha," mama alisema ghafla. "Mwanamume akijificha wakati mjane yuko mlangoni kwake, hilo si la Chama. Hilo ni letu."

Wanawake wa Kidatoga wana baraza lao. Likikaa, mwanamume hasogei karibu. Mtu akimdharau mwanamke au kumdhulumu, baraza humwita, na hukumu yake haina rufaa. Udabeshta alipeleka ujumbe kwa mama mmoja, yule akampelekea mwingine, na baada ya siku chache wanawake walianza kuonekana kutoka kila upande wa ule uwanda, wamevaa sketi zao za ngozi zenye shanga, bangili za shaba zikilia mikononi, kila mmoja ameshika fimbo. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi hiyo. Walitokea ndani yake mmoja mmoja, bila haraka, wakaketi kwenye majani nje ya boma la Gidabuday. Hawakumwita. Walianza kuimba, wimbo wa chini, wa kuzunguka, usio na mahali pa kuanzia wala pa kuishia. Bernadina aliketi katikati yao na kanga yake. Hakuwa amewahi kuitwa kwenye baraza, na hakuna aliyemwuliza amekuja kufanya nini.

Waliimba mpaka ukungu ukaondoka. Gidabuday akatoka.

Alikuwa mtu mrefu, lakini siku hiyo alitembea kama aliyebeba kitu. Alisimama mbele ya wanawake na kofia mkononi.

"Mama," alimwambia Udabeshta, "watoto wangu wanaendesha matrekta yale. Nikisimama upande wenu watafukuzwa. Ningefanyaje?"

"Sikukuomba usimame upande wangu," Udabeshta alijibu. "Nilikuomba usimame mlangoni kwako."

Baraza likamtoza dume jeusi la ng'ombe, na alilitoa siku ile ile bila kubishana. Wanawake walilichinja, wakala, wakacheka sana, na alasiri wakamwita Diwani wao kwa upole, wakampa nyama na kumwambia wanachotaka. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa kama mtu aliyeshushiwa mzigo.

"Nitawapa nafasi," alisema. "Ila sijui yeye atafanya nini nayo."

Mwezi wa nane ngano ilikuwa imeiva, kavu, ikilia chini ya upepo usiku na mchana. Siku ya ufunguzi kombaini za kuvunia zilipangwa pembeni mwa shamba, zimefungwa vitambaa vya kijani na njano. Palikuwa na turubai, jenereta, viti vya ofisini, kwaya ya shule, na watu wa Chama kutoka wilayani. Wanawake walikaa chini kwenye majani, mbali kidogo. Landrova ya Mbunge ilifika imechelewa, ikatoa mtu mfupi, mnene, mwenye miwani, aliyeshikana mikono na kila mtu hata watoto wa kwaya.

Meneja alisoma hotuba yake juu ya mavuno. Baadaye akaitwa Ndugu Diwani amkaribishe mgeni. Gidabuday alisimama. Akakohoa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Ndugu Mbunge," alisema, "kabla sijakukaribisha, wapo waliokuchagua wanaotaka kukusalimu. Naomba uwape nafasi yangu."

Meneja aligeuka haraka kumwangalia. Mbunge aliangalia saa, kisha akaangalia wanawake kule kwenye majani. "Waje," akasema.

Udabeshta na Bernadina walitembea hadi mbele ya turubai. Mama mzee alikuwa na kishada cha majani mabichi mkononi, alama ya amani. Alianza kusema kwa Kidatoga, sauti yake nyembamba lakini imesimama, na alianza na ile ndoto.

Bernadina aliganda. Maneno ya Zita yalikuwa kichwani mwake, nini, wapi, unataka nini, na sasa mama mkwe wake alikuwa anawaleta ng'ombe wa ndotoni mbele ya watu wa wilayani. Angeweza kuwaruka. Hakuna chini ya turubai aliyejua Kidatoga isipokuwa Diwani. Alivuta pumzi, akatafsiri kila kitu. Ng'ombe, ngano iliyofika kifuani, vichwa vilivyogeuka. Vijana wawili wa wilayani walitazamana wakatabasamu. Mbunge hakutabasamu. Alivua miwani akaishika.

Kisha Bernadina akasema la kilima na la kusawazishwa, kwa ufupi, kama alivyofundishwa.

"Marehemu aliitwa nani?" Mbunge aliuliza.

Bernadina alilijua jina, lakini mke aliyeolewa kwa Wadatoga hatamki jina la baba mkwe wake, wala yale yanayofanana nalo. Miaka yote hakuwahi kulitoa mdomoni, hata akiwa peke yake. Lilikaa pale kwenye ulimi wake kama jiwe la mtoni. Udabeshta naye aliangalia chini, maana mke hamtaji mumewe. Wanawake wote kule nyuma walikuwa kimya. Mbunge aliwaangalia bila kuelewa, na meneja alianza kusema kitu juu ya ratiba.

"Gidahosh," sauti ilisema. Ilikuwa ya Diwani, bado amesimama pembeni na kofia yake. "Aliitwa Gidahosh. Hawa mama hawaruhusiwi kumtaja, Ndugu Mbunge. Mimi naruhusiwa. Ndiye aliyenifundisha kuchunga, na nilikuwepo wakati kilima chake kinajengwa. Nilibeba udongo."

Mbunge alivaa miwani yake. "Ni mbali?"

"Ni humo ndani."

"Basi nipelekeni."

Waliingia kwenye ngano. Udabeshta alitangulia, akifuatwa na Mbunge, Bernadina na Diwani, na nyuma yao wanawake wote. Hapakuwa na njia. Mashuke yalifunguka mbele ya mama mzee na kujifunga nyuma ya mtu wa mwisho. Kelele za kwaya zilififia kwanza, kisha injini ya jenereta, kisha zikabaki bangili na mchakacho wa ngano. Mlima ulikuwa umevaa wingu lake. Kwa muda wote walikuwa kama wanatembea bila kufika, kila hatua sawa na iliyopita, vumbi la dhahabu likielea usawa wa macho, na Mbunge ambaye alikuwa ameanza na maswali akaacha kuuliza. Bernadina aliona mgongo wa koti lake umelowa jasho, na akamwonea huruma, jambo ambalo hakulitarajia.

Ndipo kilima kikatokea. Juu yake majani yalikuwa yamekauka, na pembeni mwake mti mdogo ulikuwa umeota wenyewe. Udabeshta aliweka kishada chini, akasema maneno machache ya kumwambia mumewe kuwa kuna wageni. Mbunge alisimama pale. Hakuna aliyemwambia avue viatu, lakini alivivua, akabaki na soksi zenye tundu kwenye kidole.

"Baba yangu amezikwa nyuma ya nyumba," alisema. "Mama anafagia pale kila Jumamosi." Akamgeukia Bernadina. "Mnataka nifanye nini?"

Bernadina alikuwa tayari kwa swali hilo. "Tunataka kilima kisiguswe. Tunataka njia ya kukifikia, hata ya mtu mmoja. Na tunataka njia ya ng'ombe ya kwenda ziwani ifunguliwe, ili waume zetu warudi nyumbani."

Mbunge alifuta jasho kwenye paji la uso. "Nitawaambia ukweli. Mashamba haya ni ya taifa. Mkate unaoliwa mijini unatoka hapa. Siwezi kumwamuru meneja, mimi si bosi wake. Naweza kumwona Waziri, na naweza kuuliza Bungeni. Jibu litakuwa lipi, sijui."

Bernadina alitafsiri. Udabeshta aliinua uso, akamwangalia yule mtu mnene kwa mara ya kwanza moja kwa moja.

"Mwambie sikumpa kura yangu anipe jibu," alisema. "Nilimpa anisemee. Hapa nilipo, sauti yangu inaishia kwenye ngano."

Mbunge aliposikia hivyo aliinama kidogo, kama watoto wanavyoinama wakipokea kitu kwa mikono miwili. Kisha akavaa viatu vyake.

Mavuno yalipita. Kombaini zilikwenda na kurudi ndani ya mavumbi yao, na ngano ikaisha, na ghafla uwanda ukawa mtupu, na kilima kikaonekana kutoka kila nyumba ya Gidarjod kikiwa peke yake. Hakuna aliyekuja kukibomoa, wala hakuna aliyesema hakitabomolewa. Wiki zilipita hivyo. Kila jioni Udabeshta aliketi mlangoni akikiangalia mpaka giza likakimeza.

Bunge lilipoanza, Mzee Sulle aliweka betri za redio yake juani kila siku zipate nguvu, na mchana watu walikusanyika kwake kusikiliza taarifa kutoka Dar es Salaam. Siku nyingi yalisemwa ya watu wengine, ya korosho, ya daraja la mahali wasipopajua. Siku moja, katikati ya mikwaruzo, walisikia sauti waliyoitambua, ya Mbunge wao.

Aliuliza juu ya kijiji cha "Gidajodi". Watu wakaguna, jina kalitaja vibaya. Lakini aliendelea. Alitaja kilima, akataja njia ya mifugo, kisha akamtaja marehemu Gidahosh kwa jina, vizuri kabisa, na jina hilo lilipotoka redioni wanawake wote waliokuwepo waliinamisha macho. Waziri alijibu kwa sauti ya mtu anayesoma: uongozi wa shamba umeelekezwa kuyaheshimu makaburi yanayojulikana, na suala la njia ya mifugo linaendelea kuangaliwa.

Redio ikahamia kwenye habari za sukari.

"Kuangaliwa maana yake nini?" aliuliza mama mmoja.

"Kuangaliwa ni kuangaliwa," Mzee Sulle alisema huku akizima redio kuokoa betri. "Hata mimi ninauangalia mlima kila siku. Haujasogea."

Walicheka. Udabeshta hakuwa ameelewa Kiswahili chote kile, na Bernadina alikaa karibu naye akamweleza kipande kwa kipande, cha kilima na cha ng'ombe, bila kuongeza utamu. Mama mzee alisikiliza habari ya ng'ombe hadi mwisho. Aliuliza tu kama yule mtu mnene aliisema kwa sauti kubwa.

"Kwa sauti kubwa, mama."

"Mbele ya wengi?"

"Nchi nzima imesikia."

Udabeshta akavuta shuka lake. Usiku huo alilala mapema.

Matrekta yalikuja kabla ya mvua. Udabeshta alikwenda kukaa chini ya kilima, na Bernadina akakaa naye. Waliyaona kwa mbali kama wadudu, yakikua, yakiacha nyuma udongo mweusi unaong'aa. La mbele lilikuwa linaendeshwa na mmoja wa watoto wa Gidabuday. Alikuja moja kwa moja kuelekea kwao mpaka Bernadina akasikia ardhi inatetemeka chini ya mapaja yake, akamshika mama mkono. Kisha yule kijana akakata kona. Alikata mapema, mbali kuliko miaka yote, akalizunguka kaburi kwa duara pana, polepole, na alipomaliza kisiwa cha majani kilikuwa kimeongezeka. Upande wa kijijini alinyanyua plau lake na kuacha ukanda mwembamba ambao haukulimwa. Ilikuwa njia ya mtu mmoja. Hakusimama wala hakupunga mkono.

Mama mzee aliuegemeza mgongo wake kwenye udongo wa kilima, akaanza kumsimulia mumewe mambo ya mwaka mzima. Bernadina alimwacha, akarudi nyumbani kwa njia ile mpya, na njiani alilia bila kujua kama ni kwa furaha. Basili alikuwa bado yuko Singida na ng'ombe. Angebaki huko.

Habari zilisambaa. Zilisambaa zimeongezewa, kwamba kule Gidarjod kuna mke wa Kiiraqw anayejua kumleta Mbunge. Mvua za vuli zilipokatika, mwanamke mmoja aitwaye Konsolata alikuja kutoka upande wa pili wa shamba, siku nzima kwa miguu. Kwao walikuwa na vilima vya wazee, alisema, na vyote vilikwisha kulimwa miaka iliyopita kabla hajatokea wa kusema. Kila mwaka ngano huota juu. Hawajui tena hata vilikuwa wapi hasa.

"Sasa unataka Mbunge afanye nini?" Bernadina alimwuliza.

Konsolata alifikiri. Alikuwa na uso wa mviringo na mikono iliyopasuka kwa kazi. "Sijui," alikiri. "Nataka tupewe siku moja, kabla hawajapanda. Tuingie na wazee wanaokumbuka, tutafute. Tukipapata tuweke hata mawe."

"Hilo ni la kusemwa. Diwani wenu ni nani?"

"Simjui."

"Tutamjua."

Waliondoka asubuhi, ukungu ukiwa bado chini. Bernadina alimwachia mama mkwe wake maziwa na moto. Njia ya kwenda Masakta, kumwuliza Gidabuday, ilikuwa imelowa umande, na huwezi kuona zaidi ya mti unaofuata, kila mti ukitokea taratibu na kupotea nyuma yao. Kisha Bernadina akamwambia Konsolata ajaribu kusema, kana kwamba yeye Bernadina ndiye Mbunge, na Konsolata akaanza, akakosea, akajicheka, akaanza tena.